Povu kwenye Maji ya Ukoo

"Wifi, leo tena unatupita?"

Sauti ya Hilda ilimkuta Tadea akiwa ameshalivuka jiwe la kufulia, ndoo tupu kichwani, macho mbele. Wanawake waliokuwa wameinama kwenye chemchemi waliinuka wakamtazama. Akiendelea kutembea itakuwa dharau, na akisimama itambidi aseme kitu. Akasimama.

"Nakwenda kule mtoni, wifi. Nina nguo za mtoto za kufua."

"Nguo zenyewe ziko wapi?"

Hakuwa na nguo. Alikuwa na ndoo tupu, na mwenye macho aliiona. Mmoja wa wanawake akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, kicheko kikamponyoka hivyo hivyo.

Hilda alikuwa dada wa mume wake, mjane aliyerudi kuishi kwao, na kama walivyo mawifi wengi waliorudi nyumbani, alijipa kazi ya kulinda kila kitu cha baba yake, kuanzia migomba hadi heshima. Hakuwa mtu mbaya. Ukiumwa, yeye ndiye wa kwanza kukuletea uji. Ila ukikosea, yeye ndiye wa kwanza kuuliza mbele za watu.

"Mtoni ni mwendo wa mtu aliyefukuzwa," alisema. "Unashuka bonde, unapanda bonde, unarudi shingo imeingia kifuani. Maji haya yamekukosea nini? Umeolewa umeyakuta. Watoto wote umewalea nayo."

"Hayajanikosea."

"Basi sogea uchote."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mwanzi, na pale yalipoangukia jiwe povu jeupe lilikuwa limekusanyika, laini, halitaki kupasuka. Wiki iliyopita lilikuwa la kujaza kiganja. Leo lilikuwa limeenea mpaka ukingoni. Hilda alilichota, akajisugulia viwiko, akacheka.

"Tazameni, hata sabuni Mungu ametushushia. Halafu mwenzetu anaikimbia."

Kitoto cha jirani kiliingiza mdomo chini ya mwanzi kikanywa, tumbo likicheza. Msinywe. Neno lilimfika Tadea mpaka kwenye meno. Akalimeza, na lilipita kooni kama mwiba wa samaki. Aligeuka akashika njia yake, na nyuma yake akasikia mtu akisema, bila hata kushusha sauti, "Mtu haogopi maji bure. Anaogopa alichokiweka."

*

Alipopanda tena kutoka mtoni, Egidi alikuwa kwenye kibanda cha kahawa, anayasugua mapipa yake ya bluu kwa majani makavu ya mgomba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi katika hayo machache yalikuwa ya kujisifu. Siku hizi alijisifia mapipa. Yalikuwa matatu, mazito, yenye vifuniko vya kukaza. Kahawa ikimenywa na kulowekwa humo haipotezi hata punje.

Hamidu ndiye aliyeyaleta. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Mbinga mjini aliyezoea kuzunguka majumbani kununua kahawa tangu serikali iwaruhusu watu binafsi, na siku ya kuyaleta alifika juu ya lori la makaa ya mawe lililokuwa likirudi mgodini Ngaka tupu. Mapipa aliyapata mnadani, kampuni moja ilipofunga ghala lake, na ndani yalikuwa na kitu kizito cha rangi ya chai. "Sabuni ya kiwandani," alisema, kwa uso wa mtu anayesema kweli. Mabibi wa ukoo walifulia mablanketi. Kifuniko kimoja tu, na ndoo nzima inafura povu.

Halafu likaja tangazo. Bi Saida, afisa mazingira wa wilaya, alisimama mbele ya wananchi kwenye uwanja wa ofisi ya kata, akasema ile si sabuni, ni dawa ya kuzimia moto wa mafuta, na serikali imeipiga marufuku. Haiozi. Ikiingia mwilini inakaa, na mama humpa mtoto kwenye maziwa. Kila mwenye pipa alirudishe na kilichomo ndani, asimwage hata tone, atakayemwaga atashtakiwa. Alisema mengi yule mama, na kwa subira. Lakini wenye mapipa walisikia moja tu, kwamba mapipa yanachukuliwa, na kahawa ilikuwa karibu kuiva.

Jioni hiyo Egidi aliyapandisha mapipa mlimani, moja baada ya jingine, akaimwaga dawa kwenye ngolo.

Asiyewahi kuuona mlima wa Wamatengo atamwita mjinga, na atamwonea. Mlima ule umejaa mashimo kutoka juu hadi chini, yamepangana kama sega la nyuki, kila shimo limezungushiwa tuta. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza, wanawake huchimba udongo na kuzifunika, na mvua inyeshe inavyotaka, kila shimo hushika maji yake, udongo hauendi popote. Hizo ndizo ngolo. Wageni walikuja na kamera kuzipiga picha. Kwa hiyo Egidi alipotafuta mahali pa kuificha sumu isimfikie mtu, alichagua mahali ambapo tangu babu zake hapajawahi kuponyokwa na kitu. Alirudi nyumbani amelowa na amefurahi. Udongo kweli ulibaki. Maji yalizama chini kwa chini, kama yalivyozama siku zote, yakatokea kwenye mwanzi.

"Povu limezidi," Tadea alisema.

"Ni mvua."

"Mvua gani ina povu, baba Aurelia?"

"Ngolo za baba yangu hazijawahi kuachia hata punje ya udongo."

"Udongo hazijaachia. Na maji je? Ile chemchemi unadhani inanyweshwa na nani?"

Egidi aliinua pipa, akachungulia ndani, akalitua.

"Twende kwa yule mama tukamwambie," Tadea akasema. "Tuseme tulikosea."

"Tuseme? Aliyemwaga ni wewe?" Sauti yake ilipanda, kisha akaitazama nyumba akaishusha. "Unataka nifungwe kahawa ikiwa mtini? Ukoo mzima ukose maji, na wanione mimi ndiye niliyewakosesha? Nitapita wapi?"

"Aurelia ananyonyesha, Egidi."

Ndani ya nyumba binti yao, aliyekuja kujifungua kwa mama yake kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, alikuwa akimwimbia mwanawe. Waliusikia wimbo wote wawili.

"Ndiyo maana unamletea maji ya mtoni," Egidi akasema polepole. "Mimi nimekukataza?"

Tadea alimtazama mume wake asiamini. Kumbe anajua. Alikuwa akidhani anabishana na mtu asiyeelewa, kumbe mtu ameelewa siku zote, na usiku analala.

"Na watoto wa wenzetu?"

Egidi akachukua jani lingine la mgomba, akaendelea kusugua.

*

Koo nyingi zilikuwa zimeshaiacha sengu, lakini kwa Mzee Bartholomayo, baba yake Egidi, ilikuwa bado hai. Jioni wanaume wa ukoo walikula pamoja uwanjani kwake, kila nyumba ikipeleka chakula chake, na baada ya kula mambo ya ukoo yakazungumzwa. Wanawake walipeleka vyakula, wakapiga magoti, wakaondoka. Mke aliyepika vizuri alijulikana, na aliyepika vibaya alijulikana zaidi.

Siku hiyo Tadea alipeleka ugali na maharage aliyoyaunga kwa karanga. Aliyapika kwa uangalifu kuliko siku zote, maana alijua anatazamwa. Giza lilikuwa halijaingia vizuri Hilda alipokuja na chombo mikononi.

"Wazee wameshiba," alisema.

Alikiweka kizingitini, hakuingia. Tadea alifunua. Jani la mgomba alilofunikia lilikuwa vile vile alivyolikunja. Hakuna kidole kilichogusa ule ugali.

"Wameshiba nini, wifi?"

"Vya wengine." Hilda hakumtazama usoni. "Mimi nakueleza kwa kuwa ni wifi yangu. Watu wanaogopa. Mtu anayeyakimbia maji yetu, tutakulaje cha mkono wake?"

Alipoondoka, Tadea alikaa chini palepale, chombo miguuni. Chakula pekee kilichopikwa kwa maji safi jioni ile ndicho hicho. Vingine vyote vilipikwa kwa maji yenye povu, na wazee walivimaliza wakaramba vidole. Angekuwa mtu wa kucheka angecheka. Iliuma kiasi kwamba hata machozi hayakuja.

Egidi alirudi akijichokonoa meno.

"Umekula cha nani?"

"Cha Hilda."

"Na changu?"

"Walikisogeza pembeni."

"Ukawaacha."

"Ningefanyaje, Tadea? Nile peke yangu kama mchoyo?"

Alikwenda kulala. Tadea na Aurelia walikula ule ugali, na Aurelia, ambaye hakuambiwa kitu, alisema maharage yalikuwa matamu kweli.

*

Asubuhi akaitwa. Haikuwa kawaida baba mkwe kumwita mke wa mwanawe, hata kumtazama sana haikuwa kawaida, kwa hiyo Tadea alikwenda amejifunga kanga mbili. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Aurelia."

Mzee Bartholomayo alikuwa amekaa kwenye kigoda. Egidi alikuwa pembeni yake, macho chini, anachora mchanga kwa kijiti. Mzee alikuwa Mkatoliki wa kuamka na misa ya kwanza, na kuna maneno ambayo hakuyaruhusu kinywani mwake.

"Nimesikia manung'uniko," alianza. "Wanasema kuna mambo ya kienyeji kwenye maji. Mimi siyataji. Lakini ukoo ukianza kuogopana umekwisha. Kwa hiyo nimefikiri. Wewe utakubali kwamba ulikosea."

"Nilikosea nini, baba?"

"Kitu. Hatutauliza ni kitu gani. Utatoa mbuzi mmoja, katekista atatusalia, tutanyunyiza maji ya baraka pale kwenye mwanzi, na Jumapili utachota mbele ya watu na utakunywa. Yataisha. Mimi mwenyewe nitakula chakula chako."

Tadea alimtazama Egidi. Kijiti kiliendelea kuchora.

"Baba, mwanao amekwambia alichokimwaga?"

"Ameniambia."

"Na bado unataka ninywe."

"Mama Aurelia." Mzee aliinua mkono, hakukasirika. Alikuwa anamtuliza, na hilo ndilo lililomtisha Tadea zaidi. "Mrututu wa kunyunyizia kahawa tumeumwaga milima hii tangu nikiwa kijana, wa bluu, mkali, unatoboa ngozi. Mvua ilikuja ikauchukua. Dawa zote huisha. Lakini mwanangu akipandishwa mahakamani, hilo haliishi. Chemchemi ikifungwa na serikali, nani ataifungua? Kesho yule mama anakuja kuchukua mapipa. Atayakuta tupu, ataandika, ataondoka. Watu wakiwa wameshapata jibu lao, hakuna atakayeuliza."

"Jibu lao ni mimi."

"Kwa siku chache tu."

Tadea alisubiri Egidi aseme kitu. Hata kikohozi kingetosha. Miaka yote ya kulala kitanda kimoja, na mtu anakuona unavalishwa jina ambalo binti zako watarithi, anachora mchanga.

"Nimesikia, baba," alisema, akaondoka. Hakusema amekubali. Mzee, kama wazee wengi waliozoea kusikilizwa, aliona ni kitu kimoja.

*

Pikapu ya serikali ilipanda kesho yake jua likiwa halijakomaa. Bi Saida alishuka akiwa amevaa mabuti ya mpira, akamwamkia mzee kwa heshima zote za watu wa pwani. Nyuma alikaa Hamidu, ambaye leo hakuwa na utani wala salamu ndefu. Watu walijaa uwanjani. Tadea alisimama karibu na kibanda, Aurelia akiwa nyuma yake na mtoto mgongoni.

"Bwana Hamidu anasema mapipa matatu aliyaleta kwa bwana Egidi."

"Yapo," Egidi akasema. Alikuwa ameyatoa mwenyewe, yanang'aa. Ilimuuma kuyaachia, lakini kifungo kingemuuma zaidi. "Yalikuja tupu."

Bi Saida alilitikisa moja, akafungua, akanusa.

"Tupu kabisa?"

"Kabisa."

Afisa akamgeukia Hamidu. Hamidu alitazama viatu vyake. Aliyeuza pipa tupu ana kesi ndogo kuliko aliyeuza sumu, na hesabu hiyo hakuhitaji kufundishwa.

"Labda haya yalikuwa tupu, mama. Niliuza mengi. Sikumbuki."

"Kuna mtu hapa aliyefulia hiyo dawa?"

Hilda akajibu kwa sauti kavu: "Hatuijui, mama."

Blanketi lake alilolifulia lilikuwa linaning'inia kwenye kamba, kila mtu aliliona. Hakuna aliyeligeukia. Ukoo ulikuwa umejifunga kama ngumi, na Tadea alielewa kwamba wote, hata waliomcheka kwenye maji, walikuwa wanajua kidogo, na kila mmoja ameamua kutojua zaidi. Bi Saida alishusha pumzi, akatoa kalamu.

"Basi nitaandika kwamba yalipokelewa tupu."

Mzee Bartholomayo aliitikia kwa kichwa taratibu. Tadea akaiona kalamu inashuka kwenye karatasi. Ikishaandikwa, imekwisha. Jumapili atainama pale kwenye mwanzi na kunywa, na watoto wote wa ukoo watakunywa baada yake kwa sababu yeye amekunywa.

"Usiandike," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Usiandike, mama. Yalikuwa na dawa. Mimi mwenyewe nimeifulia. Imemwagwa kule juu, kwenye ngolo, juu ya maji tunayokunywa."

"Tadea!" Egidi alipiga kelele.

"Anatafuta pa kutupia mambo yake!" Hilda akadakia, lakini sauti ilimkatikia katikati, na alikuwa akiwatazama watoto.

Bi Saida alikuwa ameshaifunga kalamu. "Nioneshe," akasema.

Tadea alitangulia. Aliyajua matuta yale kwa miguu. Nusu yake aliyachimba kwa jembe lake, mengine akiwa na mimba ya huyu huyu Aurelia. Nyuma walisikia fimbo ya mzee ikigonga mawe, maana hakukubali kubaki. Walipofika juu, Bi Saida alitafuta kitu kilichokauka, kilichoungua, hakukiona. Maharage ya mashimo yale yalikuwa ya kijani na yamenenepa, hayana tofauti na mengine. Ni chini tu, penye maji yaliyotuama, palipokuwa na utando mweupe. Afisa alivaa glavu, akajaza chupa. Kisha akasimama, akatazama moja kwa moja chini, na kule chini zilionekana ndoo za wanawake zimepangwa kwenye foleni.

"Sampuli itakwenda Dar es Salaam," alisema. "Itachukua muda. Lakini sisubiri majibu. Chemchemi inafungwa leo. Maharage ya upande huu msile. Bwana Egidi, utakuja na mimi ofisini kuandika maelezo. Nitaandika pia kwamba mkeo ndiye aliyesema."

Egidi alimtazama Tadea kama anayetaka kumtukana, halafu akaangalia pembeni.

Mzee alikuwa anahema. "Mwanangu," alimwambia afisa, "mvua za mwakani zitaiosha. Mrututu ulioshwa."

"Mrututu ni kitu kingine, mzee wangu."

"Tukiyachemsha?"

"Haiishi kwa kuchemsha."

"Basi tutachimba udongo huu wote tuutupe. Ukoo una vijana."

"Mtautupa wapi, mzee?"

Mzee Bartholomayo aligeuza kichwa. Upande wa pili wa bonde kulikuwa na mlima mwingine, na ukoo mwingine, na chemchemi nyingine chini yake. Baada ya huo mlima mwingine tena, milima inashuka hivyo hivyo hadi Lundo kule ziwani, na kila mahali watu wanachota.

"Miaka mingapi?" akauliza.

Bi Saida alivua glavu moja. Mtu angeona kwamba swali hili aliliogopa tangu anatoka mjini. "Sijui, mzee wangu. Hata waliotufundisha hawajauona mwisho wake. Wajukuu zako watazeeka, itakuwepo."

"Hakuna dawa yake?"

"Hakuna."

Mzee aliketi juu ya tuta, palepale penye maharage, tuta lililochimbwa kabla hajazaliwa, na akavua kofia yake. Tadea alipiga goti haraka amshike. Mzee hakuukataa mkono wake. Tangu aolewe Tadea hakuwahi kumgusa, wala hakuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake mwenyewe.

"Tadea," alisema.

"Abee, baba."

"Bora ungekuwa mchawi."

Alilisema kwa upole, hakukuwa na tusi ndani yake, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Ni kweli, baba," Tadea akajibu, na hapo machozi aliyoyazuia siku zote hizo yakamtoka. "Ingekuwa bora."